Barua ya Paroko na Kijana Mwenye Shahada

Kila mwaka, sherehe za mahafali zikiisha kwisha vyuoni, hutokea jambo lile lile katika parokia zetu za Karatu. Baada ya Misa ya Dominika, watu wakiisha kutawanyika, hubaki kijana mmoja au wawili karibu na mlango wa ofisi ya parokia, wamevaa nadhifu, wameshika bahasha ya kaki. Akikaribishwa ndani, kijana husema: "Tumsifu Yesu Kristu, Baba Paroko. Nimemaliza chuo. Naomba barua." Barua hiyo twaijua sote. Humshuhudia mwenye nayo kuwa ni Mkristu mwema, mwaminifu, mchapakazi, mwenye kusikilizana na watu. Paroko hupiga mhuri, kijana hushukuru, na bahasha hushika njia ya Arusha, au ya Dodoma, au ya zile hoteli zilizopangana kandokando ya barabara ipandayo Ngorongoro.

Padre mmoja rafiki yetu alitukiri kwamba jambo hili limeanza kumsumbua dhamiri. Kwa miaka mingi ameandika barua za namna hii kwa maneno yale yale, akibadili majina tu. Siku moja aliombwa barua na kijana ambaye hakupata kumwona kanisani tangu alipopokea Kipaimara. Aliyemjua kwa hakika ni baba yake, mzee wa kanisa anayeheshimiwa. Padre akaandika neno "mwaminifu", kisha akasita, kalamu i mkononi. Akajiuliza: mimi namjuaje? Maana Amri ya Nane haikatazi tu kumsingizia jirani maovu. Yakataza pia kumshuhudia mema tusiyoyajua, kwa hasara ya yule atakayeisoma barua na kuiamini. Na hata kwa hasara ya kijana mwenyewe, tungeongeza sisi, kwa sababu barua zikiwa zote sawasawa hakuna azisomaye, na yule aliye mwaminifu kweli hana tena pa kuonyesha uaminifu wake.

Twapenda kulifikiri swali hili leo pamoja nanyi, ndugu wasomaji, kwa kuwa ndani yake limo swali kubwa zaidi. Siku hizi twasikia kila mahali neno "ujuzi wa kuajirika". Lasemwa katika makongamano, laandikwa katika mipango ya Serikali, na wazazi nao wameanza kulitamka. Lakini je, mtu huwaje wa kuajirika? Na ni nani mwenye wajibu wa kumfanya awe hivyo?

Kwanza tusimlaumu kijana kabla ya kuitazama hali yake. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 za kazi. Maombi yaliyofika yalizidi 130,000. Maana yake, kila nafasi moja iliombwa na watu zaidi ya themanini. Hata kama wote hao wangalikuwa na akili za Mtakatifu Tomaso wa Akwino na bidii za Mtume Paulo, sabini na tisa katika kila themanini wangalirudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo wanaosema kwamba vijana hawana kazi kwa sababu hawana ujuzi, hao husema nusu ya kweli. Ujuzi waweza kumtanguliza mtu katika foleni, lakini haufupishi foleni. Yule anayemwambia kijana wa sabini na tisa kwamba amekosa kwa uzembe wake mwenyewe, amtwika mzigo usio wake, na mzigo wa namna hiyo huvunja moyo wa mtu mpaka akaacha hata lile dogo alilokuwa akiliweza.

Wengine husema: basi arudi shambani. Hili ni shauri la watu wasioijua nchi yetu. Wazee wa Kiiraqw walishuka kutoka milima ya Mbulu wakaja Karatu katika karne iliyopita kwa sababu kule ardhi ilikuwa imewabana. Sasa wajukuu wao wagawana vipande ambavyo babu zao wasingaliviita shamba. Huko Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, vitunguu hustawi kwa maji ya chemchemi, na wako vijana waliopata riziki nzuri huko. Lakini maji ya chemchemi yana kipimo chake, na aliye mwisho wa mfereji ajua vizuri tunalolisema. Na kijana wa Ngorongoro je? Sheria ya mwaka 1959 iliifanya nchi yake kuwa Hifadhi ambamo wafugaji, ng'ombe wao na wanyama wa mwitu wangeishi pamoja. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku humo, mwaka 1992 kikaruhusiwa, mwaka 2009 kikapigwa marufuku tena. Tangu mwaka 2022 nyumba nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na maneno yaliyosemwa juu ya uhamisho huo hatutayamaliza katika ukurasa huu. Twasema hili tu: kumwambia mtoto wa boma la Ngorongoro mwenye shahada kwamba arudi akalime, ni kumwambia avunje sheria.

Basi yabaki hoteli na magari ya wageni, ambayo ndiyo matumaini ya vijana wengi wa Karatu. Kazi hiyo ni njema, nasi hatuidharau. Lakini ina kiangazi na masika yake. Mwezi wa saba mtu hapati pa kuegesha gari mjini. Mwezi wa nne wapishi hukaa vibarazani wakitazama mvua. Na watu wetu hawajasahau mwaka 2020. Mwaka 2019 wageni zaidi ya 1,500,000 walikuwa wameingia nchini. Mwaka uliofuata, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, walikuja kama 620,000 tu. Mwaka 2024 walipita 2,000,000. Wale waliofukuzwa kazi mwaka ule wa korona hawakuwa wamepungukiwa ujuzi wowote. Walikwenda kulala wakiwa mafundi wa kazi yao, wakaamka hawana kazi.

Baada ya kusema hayo, tugeukie upande wa pili, maana kweli ina pande zake zote, na kijana asipoambiwa sehemu inayomhusu tutakuwa tumembembeleza tu.

Waajiri wa hapa kwetu, Wakristu na wasio Wakristu, hutoa malalamiko yanayofanana. Hawalalamiki sana juu ya elimu ya darasani. Mwenye stashahada ya uhasibu ajua kanuni zote za daftari, lakini akiulizwa ghala lina sukari kilo ngapi, huenda kuuliza mwingine badala ya kwenda kupima. Mwenye shahada ya utalii aweza kueleza historia ya utalii duniani, lakini hajui jina la ndege aliyetua juu ya mgunga mbele ya mlango wake, ambaye mchunga mbuzi wa miaka tisa amjua kwa jina, kwa sauti na kwa kiota. Aliyetumwa barua hairudishi habari. Aliyevunja kitu huficha vipande. Aliyepewa fedha za petroli hurudi na hesabu isiyotimia, na akiulizwa hukasirika, kana kwamba swali ni tusi. Haya ndiyo yanayowachosha watu. Nayo, tukiyatazama vizuri, si mambo ya ufundi hata kidogo. Kuipima sukari mwenyewe badala ya kukisia ni kupenda kweli. Kuonyesha vipande vya sahani ni ushujaa. Kurudisha chenji iliyobaki bila kuulizwa ni haki. Mababu zetu wa imani waliziita hizi fadhila, wakafundisha kwamba fadhila haipatikani kwa kusikia habari zake, bali kwa kutenda na kurudia kutenda mpaka mkono uzoee. Dunia ya leo imezibatiza jina jipya na kuziandalia semina ya siku mbili yenye chai na vitafunio.

Nenda Mang'ola ukawaangalie wahunzi wa Kidatoga. Hufua chuma chakavu kuwa vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe huvipata kwa kubadilishana asali, na huyeyusha makufuli ya zamani kuwa bangili za kuwauzia wageni. Mtoto hukaa karibu na mivuo akivukuta, akitazama mkono wa baba. Hakuna amwulizaye cheti. Hatusemi kwamba chuo kikuu kifanywe karakana ya mhunzi. Wala tusiwapambe wahunzi hawa kupita kiasi, maana maisha yao ni magumu nao wenyewe wawapeleka watoto shule. Twasema tu kwamba pale fundi ajua kwa hakika kile ambacho paroko wetu hakukijua alipokuwa ameshika kalamu: amemwona mtoto akifanya kazi.

Tena upo mfano mwingine katika nchi hii yetu. Mwaka 1960 Mkamba mmoja kijana kutoka Kenya, Kamoya Kimeu, alikuja Olduvai kufanya kazi ya kuchimba chini ya Louis na Mary Leakey. Masomo yake yalikuwa machache ya shule ya misioni. Alijifunza kutofautisha mfupa na jiwe kwa kutazama na kuuliza. Mwaka 1964 aliona taya la binadamu wa kale huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Na mwaka 1984, kando ya Ziwa Turkana, aliona kipande cha fuvu ambacho kiliongoza watu kwenye mifupa ya yule aitwaye Mvulana wa Turkana, mojawapo ya mabaki kamili kuliko yote ya wazee wetu wa kale. Watu husema alikuwa na macho ya ajabu. Sisi twadhani macho yake yalikuwa kama ya wengine, ila aliyaweka kazini. Kabla hajafa mwaka 2022, chuo kikuu kimoja cha Marekani kilikuwa kimempa shahada ya heshima. Kwake shahada ilikuja mwisho, baada ya kazi.

Tusiugeuze mfano huu kuwa hadithi ya kuwalaza vijana. Pamoja na Kamoya walichimba wengine wengi ambao majina yao hakuna ayajuaye, na labda baadhi yao walikuwa na bidii kama yeye. Na jambo lisemwalo mara chache ni kwamba Kamoya alilipwa. Siku ya kwanza, akiwa hajui lolote, alipewa kazi pamoja na ujira wake, na kwa ujira huo alikula wakati alipokuwa akijifunza.

Hapa twafika penye kidonda. Matangazo ya kazi siku hizi hutaka mtu mwenye "uzoefu wa miaka mitatu". Kijana ameutoa wapi, naye hajaajiriwa bado? Hujibiwa: ajitolee. Basi hujitolea. Hufika asubuhi kabla ya wote, huandaa vyumba, huandika hesabu, huwapokea wageni, miezi sita, mwaka, bila hata nauli. Baada ya hapo huambiwa nafasi hakuna, na mwingine mwenye bahasha ya kaki huchukuliwa mahali pake, naye ajitolee. Hatukatai kwamba mwanafunzi aweza kukaa muda mfupi mahali pa kazi kwa ajili ya kujifunza, akiongozwa na mtu, na kwa makubaliano yanayojulikana mwanzo na mwisho wake. Lakini mtu afanyaye kazi kamili ya mwajiriwa, ambayo kwayo mwenye mali apata faida, huyo ni mfanyakazi, mwite jina lolote upendalo. Katekisimu yatufundisha kwamba kuunyima ujira wa mfanyakazi ni mojawapo ya dhambi zinazomlilia Mungu kulipiza kisasi, na Mtume Yakobo alikwisha kuwaonya matajiri wa siku zake juu ya jambo hilo hilo. Papa Leo XIII aliposema juu ya ujira wa haki katika waraka wake wa mwaka 1891, aliongeza jambo linalotufaa sana leo: mapatano hayawi ya haki kwa sababu tu mnyonge ameyakubali, maana aliyebanwa na shida hukubali lolote. Kijana wa Karatu anayekubali kufanya kazi bure mwaka mzima hakubali kwa hiari yake. Amebanwa na umati ulio nyuma yake mlangoni.

Tena Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi, alitupa fikra ambayo yafaa itafakariwe na kila mwenye madaraka. Alifundisha kwamba kazi iko kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Akasema pia kwamba, zaidi ya mwajiri amlipaye mtu mshahara, wako waajiri wengine wasioonekana: wanaotunga sheria, wanaopanga elimu, wanaoweka masharti ya biashara. Hao nao huamua kama mtu atapata kazi na atapata kazi ya namna gani. Basi tukiuliza ni nani awajibikaye kumfanya kijana awe wa kuajirika, jibu haliwezi kuwa jina moja. Serikali imeanza mwaka 2024 kuingiza mafunzo ya amali katika shule za sekondari, nasi twalipokea jambo hilo kwa furaha, ijapokuwa twasubiri kuona karakana na walimu, kwa kuwa seremala hafundishwi kwa chaki. Wazazi nao wamo. Mzazi anayeuza ng'ombe ili mwanawe asome, kisha kila likizo amkataza kushika jembe "kwa sababu wewe ni msomi", huyo amemlipia mwanawe masomo ya aina mbili, ya chuo na ya uvivu.

Wakati mwingine twaulizwa: kijana aliyesomeshwa adaiwa nini na nchi? Bodi ya Mikopo humdai fedha, asilimia kumi na tano ya mshahara akiupata, na hilo ni haki. Deni lingine halina hesabu. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Watu hulikumbuka sana hilo. Hawalikumbuki sana la pili, kwamba siku ile ile alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia ishirini. Twaweza kubishana kama alikuwa mkali mno kwa vijana wale, na sisi twadhani alikuwa mkali. Lakini hakuwadai vijana sadaka ambayo yeye hakuitoa. Wazee wa leo wanaowahubiria wahitimu uvumilivu, huku wakiwaweka wapwa zao kazini kwa simu ya jioni, au wakipokea bahasha nyingine isiyo ya kaki, wamekosa haki ya kuhubiri.

Maana rushwa ndiyo inayoua fadhila zote tulizozitaja. Kijana akiona kwamba aliyepima sukari na asiyeipima wamo katika foleni moja, na aliyepata ni yule mwenye mjomba, atajifunza somo hilo upesi kuliko yote aliyofundishwa chuoni. Na tumwambie nini? Twaweza kumwambia tu kwamba uaminifu si bei ya kununulia kazi. Aliye mwaminifu aweza kukosa. Yosefu wa Nazareti, ambaye tangu mwaka 1955 Kanisa lamsherehekea kuwa Mfanyakazi kila tarehe 1 Mei, hakupata cheo chochote kwa uaminifu wake. Alipata mikono yenye sugu na nyumba ambamo Mwana wa Mungu alijifunza useremala. Asiyeweza kulipokea neno hili hatumhukumu, maana ni gumu, na sisi tunaoliandika tuna kazi.

Yule padre rafiki yetu hakukataa kumwandikia kijana barua. Wala hakumwandikia uongo. Alimwambia: "Mwanangu, baba yako namjua, wewe sikujui bado. Nipe miezi mitatu." Parokia ilikuwa na shamba la mahindi, na chama cha akiba cha wanawake ambacho daftari zake zilikuwa zimechanganyika tangu mwenye kuziandika ahamie mjini. Padre alikaa na baraza la walei wakakubaliana kwamba kijana azitengeneze daftari hizo, alipwe kidogo kutoka mfuko wa parokia, kiasi ambacho parokia ingaliweza kumlipa kibarua wa shambani. Baadhi ya wajumbe walinung'unika kwamba angejitolea kwa ajili ya Mungu. Padre aliwajibu kwamba Mungu hajapata kuomba kufanyiwa kazi na mtu mwenye njaa ili parokia ibane matumizi.

Mwezi wa pili kijana alikuta pengo la shilingi elfu themanini. Alihesabu mara tatu. Yasemekana alikaa siku nzima bila kusema, kwa sababu pengo lile lilimwangukia mama mmoja mkubwa wa chama, shangazi yake mwenyewe. Jioni alikwenda kwa shangazi kwanza, akamsalimu kama ipasavyo, akamwonyesha ukurasa. Ikaonekana kwamba mama yule alikuwa amemkopesha mwanachama mmoja kwa ajili ya matibabu, akasahau kuandika. Kesho yake wakaenda wote wawili kwa mweka hazina.

Barua ambayo padre aliandika baada ya miezi mitatu ilikuwa na mistari minane. Haikuwa na neno "mwaminifu" wala neno "mchapakazi". Ilieleza daftari zilikuwa katika hali gani alipozipokea na katika hali gani alipozikabidhi, ikaeleza habari ya zile shilingi elfu themanini bila kumtaja shangazi, ikasema kwamba mara mbili alichelewa kazini na mara zote mbili alitoa sababu ya kweli. Kijana alipoisoma alisikitika kidogo kwa ajili ya mstari ule wa kuchelewa, akauliza kama ungeweza kufutwa. Padre akamwambia kwamba mstari huo ndio utakaomfanya msomaji aiamini mingine saba. Kijana akaikunja barua, akaitia katika bahasha, akaaga, akashuka kuelekea stendi ya mabasi.

Hatujasikia bado kama amepata kazi.